Mahali pa Kukung'utia Viatu

Jirani yangu hapa Gataka anajenga. Kila asubuhi fundi wake humwagia maji saruji aliyoipiga jana yake, na ile harufu ikinifikia jikoni huacha chochote ninachofanya. Ni harufu ya baba yangu. Wiki iliyopita ilinikuta nimesimama na simu sikioni, maana Lemayian alikuwa amepiga kunipa habari za mama yake. Hakusema amekufa. Alisema, "Yule mama yetu hayuko," nami sikuhitaji kuuliza ni mama yupi.

Mimi nilimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai chake, kama watoto wote wa ploti yetu. Jina lake halisi nalijua vizuri. Sitaliandika hapa, na wanaonifahamu watacheka, kwa sababu mimi ndiye mtoto aliyewahi kumsimamisha mama huyo mbele ya watu wa kanisa na kumtaka ataje jina la mtu.

Tulipanga kwake Noonkopir, mtaa wa Kitengela, enzi ambazo Kitengela ilikuwa na mbuzi wengi kuliko watu. Wakati wa kiangazi punda milia walifika hadi karibu na vyoo vya shule, na mchana kutwa ungesikia nyundo za machimboni. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na Koko alikaa ng'ambo ya ua wa miiba pamoja na mwanawe Lemayian na mbuzi wao. Alikuwa mwenye nyumba, lakini hakujiweka hivyo. Mtoto hakuruhusiwa kumpita bila kuinamisha kichwa. Alikuwekea kiganja utosini, akasema "Takwenya," nawe ukajibu "Iko," ndipo njia ikafunguka. Hata sisi Wajaluo, na wale Wakamba wa chumba cha mwisho, sote tuliinama. Mimi nilipenda kile kiganja. Kilinukia maziwa na moshi.

Baba alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha saruji Athi River. Jioni alirudi amepauka kuanzia nyusi hadi viatu. Mama, ambaye alikuwa mwalimu na hakutaka mchezo na sakafu yake, alimwekea sheria: vumbi la kiwanda lisivuke mlango. Basi kila jioni baba alisimama pale kijia cha kutoka barabarani kinapokutana na ua wa Koko, akavua viatu, akavigonganisha hadi wingu lote likaisha. Koko naye alikuwa upande wa pili akisubiri mbuzi. Hapo ndipo walipozungumza. Hakuna mtu aliyeliita jina la baba kwa sauti kubwa kumshinda Koko.

"Ochieng'," angesema, "wewe nabeba kiwanda yenu kidogo kidogo. Siku moja itatosha, utajenga, utahama."

"Nikijenga, mama, nitaanza na yako," baba alimjibu, na wote wawili wakacheka ingawa utani ulikuwa wa jana na juzi. Mimi nilimbebea viatu hadi ndani. Nilikuwa na cheo hicho na sikumwachia mtu.

Baba alienda nyumbani magharibi kumzika shangazi yake, akarudi na malaria ambayo ilimpanda kichwani kabla mtu hajalijua jina lake. Tukamrudisha kulekule akiwa kwenye sanduku. Matanga ya kwetu ni ya sauti. Kila aliyeingia langoni aliingia akimwita, "Ochieng'! Ochieng' wuod Alego!" yaani mwana wa Alego, kana kwamba baba ameketi chumba cha nyuma na anajifanya hasikii. Nililia hadi nikaishiwa, lakini zile sauti zilinishika mkono. Nilijua kwamba mtu anayeitwa na watu wengi hivyo hawezi kupotea kabisa.

Tuliporudi Noonkopir nikamngoja Koko. Alikuja jioni ileile na kibuyu cha maziwa, akaketi kitandani kwa mama, akamshika mkono muda mrefu. Alitikisa kichwa. Alitema mate kidogo kifuani kwangu kunibariki. Akaondoka. Hakulitaja jina la baba hata mara moja, na mimi niliyekuwa nimeketi mkao wa kulisikia nikabaki nimekodoa macho mlangoni.

Nikadhani ni haya. Siku zikapita. Nikaanza kumchimba kwa maswali ambayo jibu lake lingekuwa jina tu. Nilimuuliza ni nani aliyemtengenezea lango la mbuzi. Akasema, "Yule mtu." Nilimuuliza ni nani aliyekuwa akimletea chumvi kutoka dukani. Akasema, "Si unajua?" Siku nyingine nilikwenda na insha yangu ya shule kumhusu baba, nikaanza kumsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye jina aliinuka akaenda kutazama mbuzi ambao walikuwa wamelala salama.

Kilichonimaliza ni habari ya Ochieng' mwingine. Kulikuwa na kijana fundi mawe aliyepanga chumba cha tatu, naye aliitwa hivyohivyo, jina lenyewe kwetu likiwa la kawaida kama mchana. Koko alimzoea na kumwita kwa jina hilo kila siku. Baada ya msiba akaacha. Akawa anamwita "Fundi," na Lemayian vilevile, na mtoto mdogo wa Mkamba aliyesahau akakemewa. Yule kijana alilalamika kwa mama akicheka nusu, kwamba yeye hajafa lakini ameshanyang'anywa jina. Mimi sikucheka. Niliona kwamba Koko hakutosheka kumsahau baba yangu. Alitaka hata jina lenyewe lifutike Noonkopir.

Mama naye alikuwa na maombolezo yake. Alifundisha Kiswahili, na tangu zamani alipenda kuuliza watu maneno ya kwao. Sasa akawa anauliza neno moja tu. Kwetu, aliniambia, siku ya kumkumbuka marehemu huitwa rapar, na limetoka kwa paro, ambalo ni kuwaza. Ukimwaza mtu umemkumbuka, hatuna maneno mawili. Mama Mutua, Mkamba wa chumba cha mwisho, alimwambia kwao ni kulilikana, na mama akalirudia njia nzima kwenda shuleni akilionja. Alipomuuliza Koko, Koko alifikiri, akasema, "Hiyo si ya kusema, Mwalimu. Utaona." Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nilikasirika.

Nilikuwa na sababu zangu, tena za kitaaluma. Darasani mama alikuwa akitufundisha kuandika kumbukumbu za mkutano: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru. Alituambia mkutano usioandikiwa kumbukumbu ni kama haukufanyika, na asiyetajwa jina hakuwapo. Mwalimu wa Jumapili naye alikuwa akitusomea Kumbukumbu la Torati, ambamo Musa anawarudia watu yaleyale waliyokwisha kuyaona kwa macho yao, jina kwa jina, mahali kwa mahali, wasije wakasahau. Mimi nikaunganisha. Neno lenyewe, kumbukumbu, hujisema mara mbili, kana kwamba mara moja haitoshi. Kukumbuka ni kutaja, na kutaja tena. Baba yangu alikuwa ametuma udhuru, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayemwandika kwenye safu ya waliokosa.

Basi nikaapa. Mama alikuwa amepanga maombi ya ukumbusho palepale Noonkopir, mwaka ukitimia. Ndugu ya baba alipinga. Alisema rapar hufanyiwa bomani kwa marehemu, si kwenye nyumba ya kupanga, na akamalizia kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mama alimjibu kwa adabu kwamba kule watafanya, na yeye mwenyewe atakwenda na sufuria zake. Lakini mahali ambapo mumewe alirudi kila jioni napo pana haki yake. Yule ami yangu hakumweza. Nami nikajiwekea ahadi kwamba siku hiyo Koko atalitamka jina la baba, mbele ya watu, kwa sauti ileile ya zamani.

Hapo ndipo mawe yalipoanza, au hapo ndipo nilipoyaona. Siku moja nilitoka shule nikakuta mawe kadhaa yamewekwa pale baba alipokuwa akikung'utia viatu. Kesho yake yalikuwa yameongezeka. Nilijificha nikamwona Koko akipita, akainama, akaweka jiwe, akaenda zake. Lemayian aliporudi na mbuzi naye akaweka. Hawakusimama wala kusema kitu. Kitengela yote ilikuwa ikijengwa, na mawe yakikusanywa mahali maana yake ilikuwa moja tu. Nilimwambia mama kwamba Koko anataka kujenga ukuta juu ya mahali pa baba. Mama alikuwa amechoka, akaniambia niache kumsingizia mtu mzima.

Sikuacha. Jioni hiyo, mama akiwa jikoni, nilikwenda nikayabeba yale mawe moja moja na kuyatupa mtaroni. Nikapafagia kwa mkono hadi udongo mweusi ukaonekana. Asubuhi palikuwa na jiwe. Jioni palikuwa na zaidi. Nikayatupa. Tukaendelea hivyo majuma mengi, Koko na mimi, na ajabu ni kwamba hatukuacha kusalimiana. Aliniwekea kiganja kichwani, akasema "Takwenya," nikajibu "Iko," na wote wawili tukijua vizuri nani amefanya nini jana. Mvua ilipokuja na udongo ule kushika miguu hadi kwenye vifundo, niliyabeba vilevile. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mikono yangu ilichubuka, nikamwambia mama ni kamba ya kuruka.

Siku ya maombi watu walijaa uani. Walikuja akina mama wa kanisa, wenzake baba wa mizani, fundi Ochieng', Mama Mutua na watoto wake. Mmoja mmoja walisimama wakasema. Ochieng' alinifundisha kupima lori. Ochieng' alimnunulia mtoto wangu dawa. Ochieng' alikuwa mwimbaji mbaya lakini hakukosa kwaya. Nilikuwa nimeketi mbele nikipokea kila jina kama anayepokea mkate. Kisha mama akamwomba Koko, kwa kuwa ndiye mwenyeji wetu. Alisimama na shanga zake zote, mrefu, akatuangalia. Alisema huyu mtu alikuwa mzuri. Alisema alikuwa anacheka. Alisema watoto wake ni watoto wa boma yake. Halafu akaanza kuketi.

Nikasimama. Sauti ilitoka nzima.

"Koko, mtaje," nikasema. "Mtaje jina, watu wasikie."

Mama aliniita kwa ukali. Koko akamwinulia mkono kumzuia. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alinyoosha mkono huohuo kwangu akasema, "Kuja, entito ai." Msichana wangu. Nikaenda. Alinishika akanitoa uani, tukapita kijiani hadi pale mahali, na watu wote wakatufuata bila kuelewa. Nilikuwa nimepafagia jana yake, kwa hiyo palikuwa na jiwe lake moja la asubuhi.

"Hapa alikuwa anatoa vumbi," alisema. "Kila siku. Mimi nasimama hapo, yeye hapa. Sasa hayuko, mimi nikipita hapa naweka jiwe. Mtoto yangu akipita anaweka. Ni hivyo sisi tunafanya kwa mtu mkubwa. Halafu jiwe inatembea, inaenda kwa mtaro." Akanitazama. "Nikasema, sawa, huyu pia ako na kazi yake."

Watu wengine walicheka. Mimi nilikuwa nikiangalia mikono yangu. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa ndogo sana, kwa nini basi hataki kumwita.

"Mtu amefunga safari," alisema. "Wewe unamwita jina, yeye anasikia, anageuka. Anasimama katikati ya njia, mbele hajafika, nyuma hawezi kurudi. Mimi nilimpenda huyu mtu. Siwezi kumsimamisha kwa njia." Aliinama, akaokota jiwe kando ya ua, akaliweka kwenye kiganja changu. "Lakini jiwe haiiti mtu. Inakaa tu. Weka. Tadamu."

Mama, akilia, akauliza neno hilo ni nini. Sidhani alikuwa ameweza kujizuia kuuliza neno maishani mwake.

"Ni kumbuka, Mwalimu."

"Na kuwaza, mnasemaje?"

"Hiyo hiyo," alisema Koko.

Nikaliweka jiwe langu karibu na lake. Nililia kwa namna ambayo sikulia kwenye matanga. Mwaka mzima nilikuwa nimeogopa kwamba katika Kitengela yote ni mimi na mama tu tuliobeba mzigo huu, kumbe kila siku, asubuhi na jioni, mama huyu na mwanawe walikuwa wakisimama mahali pa baba yangu na kumwaza, nami nikipita nyuma yao kupangusa. Mama akaweka jiwe. Alipoinama aliita, kama anavyoita mwanamke wa kwetu, kutoka chini ya tumbo: "Ochieng'!" Koko aliinamisha macho akamwachia. Hakumzuia. Wenzake baba wakaweka, wengine wakiita na wengine wakinyamaza. Fundi Ochieng' alichagua jiwe zuri la machimboni, akaliweka kama jiwe la msingi, akaliangalia kama limekaa sawa. Ilipofika jioni palikuwa na lundo la kunifikia magotini.

Tulikaa pale hadi nilipomaliza shule. Sikuwahi tena kwenda au kurudi bila kuweka jiwe, na lundo likawa kitu ambacho wageni walielekezwa nacho: ukifika kwenye mawe, geuka kushoto. Mama alipohamishwa tulichukua jiwe moja, lile la Koko la asubuhi ile, mama akalifunga kwenye leso na kulibeba hadi magharibi. Liko kaburini kwa baba mpaka leo. Ami yangu aliliona, akauliza ni la nini. Mama akamwambia ni mila.

Juzi asubuhi, kabla ya kwenda mazishini, nilipita Noonkopir. Koko na Lemayian waliuza zamani wakahamia ng'ambo ya Isinya, na pale tulipokaa sasa kuna ghorofa lenye maduka chini. Nilipakisia kwa kuhesabu kona. Mahali pa baba ni mlango wa duka la simu. Nilitafuta pembezoni mwa ukuta hadi nikapata jiwe la machimbo lililobaki kwenye ujenzi, kiasi cha ngumi mbili. Askari wa lango akaniuliza mama unabeba nini. Nikamwambia ni langu, na sikumpa nafasi ya swali la pili.

Mazishi ya siku hizi mnayajua. Palikuwa na hema, spika kubwa, picha yake kwenye fulana za wajukuu, na jina lake limeandikwa kwa herufi za rangi kila mahali mtu angeweza kuandika. Siwalaumu. Wamesoma, wameokoka, na wanaomboleza kama walivyofundishwa, kama mimi nilivyofundishwa. Nilipoitwa kusema nilisema habari za kiganja chake, na maziwa, na utani wa kiwanda kinachobebwa kidogo kidogo. Sikulitaja jina. Kijana aliyeongoza shughuli aliona kasoro, akanisogelea na kipaza sauti chake cha pili.

"Dada," akasema kwa upole, "mtaje jina, watu wasikie."

Nilimwangalia, nikamwona mtoto mmoja wa Noonkopir mwenye magoti ya udongo. Nikamjibu, "Nikimwita atageuka." Pale mbele palikuwa na vikongwe watatu wamejifunika shuka. Mmoja aliinua kichwa.

Nilikuwa nimeshamuuliza Lemayian mama yao alipenda kusimama wapi. Alinionyesha lango la mbuzi la boma lao la sasa. Nikateremka jukwaani, nikapita nyuma ya viti nikiwa na mkoba wangu mzito, nikainama pale langoni na kuweka jiwe langu kwenye udongo mtupu. Nilimwaza tu. Nilipokuwa nikijipangusa mikono nilisikia hatua nyuma yangu, kisha jiwe la pili likagonga langu, na sikuhitaji kugeuka kujua kuwa ni Lemayian.